Mtumbwi wa Mpira Alioukataa Baba Mkwe

Ipinda, Rungwe
9 Mei 1956

Mpendwa wifi yangu Tekla,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima huko Iringa? Na kaka yangu Isakwisa, kifua chake kimetulia na hiyo baridi yenu? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila mvua imetufanya tusahau nchi kavu.

Wifi, tumepata mtumbwi! Si wa gogo. Ni wa mpira, unajazwa upepo kwa bomba kama gurudumu la baiskeli, na ukiutoa upepo unaukunja ukawa mzigo wa kichwani. Nina furaha hata usingizi sipati.

Unaijua shida ya ukunga wangu. Masika mto ukifurika, kina mama wa ng'ambo hujifungua peke yao nami nimesimama ukingoni nikilia. Mwaka jana tulimpoteza Evarista hivyo hivyo. Ndipo Wakristo wakachanga, wakamtuma baba mkwe, Mzee Jailos, kwenda Mbeya kununua. Nami nikaomba twende pamoja, kwa kuwa mpiga kafi ni mimi.

Sasa usinicheke. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Kwenye basi yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa nimejifunika khanga. Dukani nikabaki nje ya ukuta wa mabati, maneno yangu akiyapeleka mume wangu Anyitike, nenda rudi, mpaka jasho likamtoka.

Mitumbwi ilikuwa miwili. Mkubwa ulikuwa mpana, kwaya nzima ingeenea, na baba mkwe akaupenda huo. Mdogo ulikuwa mwembamba, wa watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Akauita kibofu cha ng'ombe, akasema yeye hataketi humo maisha yake yote. Nikatuma neno kwamba ule mkubwa haubebeki bila wanaume wanne, na uchungu ukimshika mtu alfajiri nitawatoa wapi? Akajibu watapatikana.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia Anyitike amgeuze baba yake atazame ukutani. Nikaingia, nikajitwika ule mdogo pamoja na kafi zake, nikatoka nao hadi kwenye basi. Mzee alipogeuka alikuta mkubwa tu. Aliulipia ule mdogo, akaninunia hadi nyumbani, ingawa kwa watu wasiotazamana kununiana ni kazi ngumu.

Tangu hapo nimeshavuka kuzalisha ng'ambo, na mama na watoto wote ni wazima. Lakini wiki iliyopita, wifi, kichomi kilimkamata baba mkwe mwenyewe huko huko ng'ambo, shambani kwake, na zahanati iko huku. Anyitike alikuwa Tukuyu. Tukabaki mimi na kibofu.

Nilivuka na wasiwasi, maana namjua: yuko radhi afe kuliko kuketi karibu nami. Nikajificha nyuma ya migomba, nikamsikia mama mkwe akimwambia, "Humu mnakaa mmoja mbele, mmoja nyuma. Wewe utatazama mbele. Nani atamwona mwenzake?" Akamfunika blanketi hadi kichwani, akamketisha. Ndipo nami nikapanda nyuma.

Katikati ya mto sauti ikatoka ndani ya blanketi. Hakusema nami, aliusemesha mto. "Wewe mto, aliyechagua kibofu hiki ana akili."

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nikapiga kafi huku machozi yananitiririka.

Sasa amepona. Jumapili alisimama kanisani akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyouchagua ule mtumbwi mdogo. Watu wakampongeza sana. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimejifunika khanga, na kwa mila yetu siwezi kumkatalia.

Nisalimie Isakwisa, shemeji Liberatus na bibi Rozalia. Mungu awafunike ninyi na watoto kwa mkono wake. Njoo masika ijayo, nikuvushe mwenyewe. Wewe utakaa mbele, na utaruhusiwa kuongea mpaka ng'ambo.

Ni mimi wifi yako akupendaye daima,
Atuganile