Bomba Liko kwa Fundi

Kaka Dismas,

Huku Likawage mihogo imekubali na wanangu wazima.

Baba aliugua ghafla. Mama mdogo, huyu aliyemwoa baada ya msiba wa mama, akasema ni malaria. Nesi wa zahanati akampima: joto la kawaida, mapigo ya moyo yako chini, pumzi nzito, mboni ndogo mno, jasho na mate vinamtoka.

"Dalili moja haisemi kitu," akaniambia. "Zote pamoja zinasema sumu ya kuulia wadudu. Alipulizia mikorosho?"

Mama mdogo akadakia, "Ndiyo, jana!"

Bomba letu la kupulizia si bado liko kwa fundi hapo Mtanda, ulikolipeleka mwenyewe?

Baba ana nafuu. Nikipika mimi, anakula. Akipika mama mdogo, anasema ameshiba.

Njoo, kaka. Usipige simu, yeye ndiye anayeishika.

Mdogo wako,
Fortunata