Jiko Alilotuletea Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Januari 1997
Zamu imeisha saa tisa. Theluji magotini. Nekesa kanionyesha tena tangazo la jenereta. Umeme umekatika mara mbili hapa Fridley, na bila umeme feni ya hita haizunguki. Ana hofu juu ya mama yake, aliyefika mwezi uliopita kutoka Bungoma. Nimemcheka mke wangu. Mimi nimesoma kwa mwanga wa koroboi. Wanaoogopa giza ni Wamarekani.

Jumatano, 8 Januari
Dukani. Jenereta ina makelele. Hita ya mafuta ya taa inanuka. Halafu nikaona mfuko wa makaa, nikakumbuka jiko ambalo mama mkwe alituletea kwenye sanduku, limeviringishwa kwa leso. Nimenunua makaa. Nimejiona mjanja.

Ijumaa, 10 Januari
Umeme ulikatika asubuhi, Nekesa yuko kazini. Niliwasha jiko nje, makaa yakakolea, nikaliingiza sebuleni. Nyumbani ndivyo tunavyofanya. Lakini nyumbani upepo unapita chini ya mabati. Hapa madirisha yote niliyabandika plastiki kwa mikono yangu.

Mama aliota moto. Mimi nilikaa chumbani, maana kwetu mtu hakai na mama mkwe wake. Nikasikia kishindo. Kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga. Nilimkuta sakafuni, leso imemvuka. Mtu ambaye hata mkono sijawahi kumpa. Nikambeba kifuani hadi kwenye theluji. Jirani akaita ambulensi.

Jumamosi, 11 Januari
Amerudi, mzima. Moshi usioonekana, daktari alisema. Nekesa hanisemeshi. Ana haki. Mjinga mkubwa mimi.

Jumapili, 12 Januari
Watu wa kanisa walikuja kumpa pole. Mchungaji akauliza nani aliingiza jiko ndani. Mama akaniwahi: “Ni mimi. Mkwe wangu alinikataza, nikawa mbishi. Ushamba tu.” Wakacheka. Nikakoroga chai yangu. Naona aibu kuandika hata hapa.

Jumamosi, 18 Januari
Jenereta imefika. Nimeiweka uani, mbali na madirisha. Inanguruma vizuri.

Jioni mchungaji alipiga simu kumjulia mama hali. Akamtania tena kuhusu jiko lake, mama akacheka, akasema amejifunza. Mimi ndiye niliyeipokea hiyo simu. Nilimsalimia mchungaji, nikasema sote hatujambo, nikampa Nekesa ampelekee mama.