Bibi Aliyekataa Kutulia kwenye Eksirei

Mpanda, Alhamisi. Masika, 1975.

Mvua imeanza alfajiri na hadi sasa haijachoka. Upande wa pili wa ukuta mama mwenye nyumba anaongea na wanawe Kifipa, wanacheka. Tangu nihamie hapa sijawahi kujua wanacheka nini, na leo ndiyo nimetamani kujua kuliko siku zote.

Leo nimesema mbele ya watu. Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba lilikuwa jambo dogo.

Kazi yangu hospitalini ni kukaa dirishani pamoja na Dada Skola, karani mkubwa. Mgonjwa akitumwa kupiga picha, sisi ndio tunaoandika vitu viwili: namba ya ugonjwa wake, kutoka kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, na nani atalipia filamu. Wa reli wanalipiwa na reli. Wakimbizi kutoka Burundi wanalipiwa na ofisi ya makazi yao. Wengine wanajilipia. Kichwa kinakula filamu mbili, ya mbele na ya ubavu, kwa hiyo kichwa ndicho kinachoogopwa. Tena siku hizi treni ya Kaliua inakwama kwa mvua, na filamu huja na treni hiyo.

Kazi naipenda. Namba hazikuulizi unatoka wapi.

Dada Skola aliniuliza, siku yangu ya kwanza. Nilimwambia mimi ni Mnyamwezi. Nilisoma Tabora, Kinyamwezi cha kusalimia ninacho, na nilikuwa naogopa kuitwa mkimbizi. Juma hilohilo alikuja dirishani baba mmoja wa Kigoma, Muha kama mimi, mkono umevunjika. Dada Skola akamtania, "Wewe tukuandike makazini tu mzee, wakimbizi na nyie ni kitanda kimoja." Watu wote kwenye foleni wakacheka. Yule baba akacheka kwa shida.

Na mimi nikacheka.

Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema? Nimenyamaza mpaka kunyamaza kumekuwa ndiyo tabia yangu. Wananiita bubu wa dirishani. Kiha nakisema nikifua tu, kwa sauti ya chini, nikiwa peke yangu bombani. Naisemesha sabuni.

Leo saa nne hivi mkulima mmoja wa Litapunga alimleta bibi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amemfunga kwa kanga asidondoke. Alisema amemkuta porini, tawi limemwangukia kichwani akikata kuni. Nguo ya kichwani ilikuwa imelowa damu na mvua. Alikuwa ametapika. Daktari alitaka kujua kama fuvu limepasuka, maana likiwa limepasuka lazima apelekwe Tabora, na njia yenyewe ndiyo hii ya matope.

Bibi hakujua Kiswahili. Alikuwa anasema Kirundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu. Nilimsikia tangu akiwa kwenye benchi. Alikuwa anauliza mbuzi wake nani atamfungua.

Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika.

Bwana Edgari, mpigaji wetu wa eksirei, akamwingiza chumbani. Baada ya muda tukasikia kelele. Bibi analia, Bwana Edgari anapiga kelele, "Tulia! Tulia mama!" Akatoka jasho linamtiririka.

"Filamu imekwenda bure. Kila nikimlaza anainuka. Zimebaki mbili tu, Skola, mbili!"

"Kichwa kimeshaharibika huyo," Dada Skola akasema. "Konso, mwandike amechanganyikiwa. Nenda kwenye orodha, magonjwa ya akili."

Nikaitafuta ile namba. Niliiandika. Mkono wangu ndio ulioiandika.

Kumbe bibi ndani bado analia, mlango uko nusu wazi, na mimi nasikia kila neno. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anaomba kitu kimoja, mara kwa mara, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeomba maji ugenini: msifunge mlango. Nilazeni mnavyotaka, wanangu, ila msifunge mlango.

"Nani hapa anajua Kirundi?" Bwana Edgari akauliza foleni nzima. "Hakuna? Hata kidogo?"

Yule mkulima akasema anajua njoo na kula, basi. Watu wakatazamana. Nikaangalia ile namba niliyoandika, wino haujakauka. Nikafikiria akilala wodini na namba ile, kila akiomba jambo watu wanasema mwacheni, ni kichwa.

Nikasimama.

"Mimi."

"Wewe?" Dada Skola akageuka. "Mnyamwezi gani anajua Kirundi?"

"Si Kirundi, Dada. Ni Kiha. Mimi ni Muha."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Heee, bubu kumbe ana lugha mbili!" Wakacheka. Nilipita katikati ya kicheko hicho.

Chumbani nilipiga magoti kando ya meza nikamsalimu kama ninavyomsalimu bibi yangu Kasulu. Aliacha kulia palepale. Akanishika kidole gumba, kidole tu, akakikaza. Nikamwambia Bwana Edgari, "Anaomba mlango usifungwe."

"Basi?"

"Basi."

Alinitazama, akautazama mlango. "Watu wasogee basi, wasisimame hapa mbele." Akaufungua wote.

Sikumuuliza bibi kwa nini. Alinieleza mwenyewe, maneno machache. Kwao askari walifunga mlango kwanza. Hakuendelea, na mimi sikutaka aendelee.

Nikamfundisha kushika pumzi. Akashika. Mbele, kisha ubavu. Hakutikisika hata ukope.

Fuvu halijapasuka. Daktari amesema atalala hapa siku chache, atarudi makazini. Nilirudi dirishani nikaikata ile namba, nikaandika ya jeraha la kichwa. Dada Skola alikuwa ananiangalia. Nilidhani atanigombeza.

"Kwa hiyo siku zote tulizokuwa tunawacheka watu wa kwenu, wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nacheka pia, Dada."

Mchana hakuniita kula. Labda ana aibu, labda ana hasira, sijui. Nilikula muhogo wangu peke yangu chini ya upenu wa stoo. Nilikuwa nimezoea kukaa peke yangu kwa sababu hakuna anayenijua. Kukaa peke yangu baada ya kujulikana ni baridi ya namna nyingine, na sikuitegemea.

Jioni nilipita wodini. Bibi aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamtajia mama, nikamtajia na bibi yangu, na kijiji. Hawajui. Aliyarudia majina yale polepole hata hivyo, kama mtu anayepokea mizigo mlangoni. Tuliongea kuhusu mbuzi. Kiha changu kilikuwa kinakwaruza, kuna maneno nilishayasahau, akanirudishia. Akiruhusiwa kuondoka sitakuwa na mtu wa kuongea naye tena. Nimelijua hilo nikiwa bado nimekaa pale kitandani kwake.

Wakati wa kutoka, mlinzi wa getini alikuwa ameshapata habari. "Kwaheri, Mrundi wetu!" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatabasamu.

Nikasema, "Muha. Wa Kasulu." Nilisema kwa sauti ileile ya bombani. Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda chake, hakusikia, akanipungia mkono. Sikurudia. Nimetembea njia nzima nikijilaumu kwa maneno matatu.

Asubuhi atakuwa palepale, na bila shaka ataniita vilevile. Hata mvua ikinyesha, nitasimama mbele ya kibanda chake mpaka asikie.