Mama mdogo hana maringo

Dada Kabula, mwadila. Huku Mwandoya jua linaunguza, ila dagaa zetu nilizoleta kuuza zimependwa, na maziwa ya mgando ni mazito mpaka kijiko kinasimama.

Jana kwa mama ntilie nilikaa na bibi mmoja daktari. Miaka yote anachunguza kalsiamu na mifupa ya wanawake waliougua saratani ya titi. Dagaa anakula na vichwa vyake. Mama ntilie alivyopiga magoti kumsalimia, bibi akaacha kula, akamtazama anavyoinuka.

"Nyie Wasukuma mmenirahisishia kazi," akaniambia. "Salamu tu, nimeshampima."

Niliona aibu, ila nikamweleza habari ya Mama mdogo, kwamba tangu atibiwe titi hapigi magoti, watu wanasema ana maringo.

"Maringo hayaumi, kijana. Akiinuka anashika nini?"

Nikakumbuka anavyoshika ukuta, nikamwambia.

"Basi arudi hospitali wiki hii, aseme mifupa inauma. Inaweza ikawa kitu kidogo, ila asikae nacho."

Dada, mpeleke. Wageni wakija asalimie amekaa. Mimi nikifika nitampigia magoti yeye, wanaotaka kucheka wacheke.

Mdogo wako, Masanja