Paswedi ya Marehemu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kompyuta ya mapokezi imeungua, na programu ya wagonjwa imekwenda nayo. Seva iko hai, inanguruma kabatini. Kila kitu kimo humo, ila pa kuingilia hakuna. Mfaume, fundi wetu, angefungua kwa dakika kumi — tulimzika mwezi wa tano. Na leo Zubeda kaja. Mwanawe Suhaib anapasuliwa hospitali kubwa Jumatatu ijayo, madaktari wa huko wanataka jina la sindano iliyotaka kumuua hapa kituoni kwetu miaka mitatu nyuma. Nesi aliyemchoma alishahama, simu haipatikani. Nimemwambia aje Ijumaa. Sijui ujasiri huo nimeutoa wapi!

Jumanne, 15 Julai
Rogers, muuza kompyuta wa Buguruni, anasema nipakue programu ya kusimamia kanzidata, inaingia kwenye seva moja kwa moja. Ya bure! Nimekuta tano, majina yote yanafanana. Ya kwanza si ya seva yetu. Ya pili inataka Windows mpya. Ya tatu — bando limekata ikiwa asilimia themanini na mbili.

Jumatano, 16 Julai
Imeshuka yote. Haiingii, inataka kitu kingine kwanza. Nimekiweka. Nacho kinataka kingine. Nimelia chooni.

Alhamisi, 17 Julai
Imekubali! Jina la seva yetu limetokea lenyewe. Halafu ikauliza paswedi. Aliijua Mfaume peke yake.

Mchana nimejitanda khanga, nikaenda Chamazi kwa Naima, mjane wake. Bado yuko eda. Aibu niliyoona — mtu anamlilia mumewe, mie naulizia kompyuta! Hakukasirika. Simu ya marehemu ilifutwa, akapewa mdogo wake. Nguo na makaratasi vilishagawiwa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimejaribu jina la Naima, la mtoto wao, mwaka wa ndoa, timu yake. Sasa seva imenifungia kabisa.

Zubeda yuko mbele yangu, Suhaib kalala mapajani. Nimemuuliza lile daftari lao la zamani la kliniki. Ananishangaa.

"Si ulituambia wote tuyarudishe madaftari, sista Jesca? Ukasema yote yamo kwenye kompyuta."

Nilisema. Tulipomaliza kuyaingiza niliyachoma mwenyewe, nyuma ya kituo.

Nimemuuliza anakumbuka nini. Kichupa kidogo, anasema. Dawa nyeupe. Nimeandika hivyo hivyo: kichupa kidogo, dawa nyeupe. Kaitazama karatasi, anasema sasa gonga mhuri, wasije wakaikataa.

Mhuri nimeushika mkononi.