Jina Langu Langoni, na Mama Amenyoa Kichwa

Bibi Kuluthumu mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimekwama. Mimi ni karani, nakaa Cheyo, tena ni katibu wa kamati iliyotengeneza bustani ndogo jirani na soko la Gongoni, na ilipofika zamu ya kutafuta jina nikawaambia wajumbe kwa sauti ya chini kwamba Wazungu huvipa vitu majina ya watu wao walio hai, wakacheka, wakakubali, na sasa langoni pameandikwa kwa saruji BUSTANI YA NIKOLAUS BUNDALA na Jumamosi Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kuifungua. Kumbe nina mtani, Twalibu, Mzigua, fundi cherehani, na utani wetu Wanyamwezi na Wazigua tangu safari za pwani waujua, msiba wangu ni wake, alipoliona jina akajifunga kitambaa kichwani, akakaa langoni akilia, “Jamani, Bundala ametutoka! Mtu mwema, ila mchoyo wa nyama!” na wapita njia wakampa pole mpaka jioni, mimi niko ofisini sina habari. Msafiri mmoja asiyejua utani akaibeba habari mpaka Lusu kwa mama yangu, naye akanyoa kichwa, akapanda basi kuja kunizika, akanikuta nakunywa chai. Alinishika uso kwa mikono miwili, kisha akasema, “Mwanangu, jina kwenye saruji mimi nimeliona makaburini tu. Lifute.” Leo siku ya tatu hali chakula cha nyumbani kwangu. Nikilifuta nitaaibika mbele ya kamati, nisipolifuta mama atarudi Lusu akiniona maiti. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu gazetini.

*

Marahaba, mwanangu. Ningekuficha, lakini saruji imenitangulia.

Twalibu usimlaumu. Mtani amefanya kazi yake, amekuambia mbele ya watu jambo ambalo kamati nzima iliona haya kulisema. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Nilipofika kwa mama yako kicheko kikakatika. Mama mtu mzima amekulilia njia nzima kutoka Lusu, halafu wewe unapima machozi yake na aibu ya wajumbe? Na hao Wazungu unaowaiga, mama zao wako Ulaya, hawapiti langoni.

Sikiliza. Kesho asubuhi chukua patasi na nyundo. Mwite Twalibu, aliyekulilia ndiye akufufue. Mama awekewe kiti aone. Herufi zote zitoke, usibakishe hata moja ya kumbukumbu! Iiteni Bustani ya Gongoni, na kamati uiambie wazi kwamba ulijipendekeza. Watakucheka siku mbili, watachoka. Kisha umpelekee mama ugali kwa mkono wako mwenyewe, ukae naye mpaka amalize.

Kama unastahili jina, watu wataliweka siku moja bila wewe kuwakumbusha. Siku hiyo mama yako hatakuwepo kuliona, atakuwa amekutangulia, na hilo ndilo analokuombea.