Fimbo Niliyomchagulia Bahati

Jumamosi, Laeken

Na bado mimi ndiye niliyemchagulia. Hilo ndilo linaloniuma.

Rafiki yangu Bahati alitaka fimbo moja ya kuvulia, itakayofaa kambare wakubwa wa mfereji wetu huku na pia muskie, yule samaki mkali wa Kanada. Tulikuwa tumepanga kwenda kumvua pamoja likizo ijayo. Dukani nikamwonyesha moja ndefu, imara shinani, ila ncha yake inapinda kidogo. Kambare huvuta kwa uzito, muskie hushtukiza, na ncha inayopinda hupokea mshtuko.

Muuzaji akamwuliza Bahati kama familia yake imeshafunga mizigo.

"Mizigo gani?" nikauliza.

Bahati akainamisha kichwa. "Bon, mwezi yenye kuya tunahamia Montréal. Nilikuwa nataka kukuambia, vraiment, kweli."

Mwezi ujao! Miaka tisa tumekaa pamoja tukivua ukingoni mwa mfereji, na muuzaji amejua kabla yangu.

Ukutani kulikuwa na fimbo nyingine, nyepesi, nzuri kwa macho. Muskie wa kwanza angeivunja.

"Donc, nikamate fimbo gani?" akaniuliza, kama kwamba hakuna kilichotokea.

Nilitamani sana kumwonyesha ile nyepesi. Nikamwambia achukue ile imara, kisha nikapanda tramu peke yangu bila kumuaga.